Hoteli ikifungwa, mimi ndiyo naanza kuumwa

BARUA

Bi Mshauri,

Assalaamu alaykum na shikamoo. Safu hii nimekuwa nikiisoma kwa ajili ya mambo ya watu, leo limenifika langu.

Nina miaka 36, kwetu Wete, naishi Fuoni na mume wangu na watoto watatu. Nafanya kazi hoteli moja ya pwani ya mashariki hapa Unguja. Niliingia nikitandika vyumba na kufua mashuka, sasa ni msimamizi wa zamu. Mgeni amepewa chumba ambacho kishapewa mwengine, naitwa mimi. Pampu ya maji imekufa saa tatu usiku na hoteli imejaa, naitwa mimi. Bibi harusi wa Kitaliani mvua imemharibia mapambo ya ufukweni, analia, naitwa mimi. Na nikiitwa, Bi Mshauri, nakuwa mtu mwengine. Akili inakaa sawa, maneno yanakuja yenyewe, miguu haichoki. Meneja hunitania kuwa hoteli ikishika moto mimi nitafurahi. Wenzangu hucheka, na mimi hucheka nao.

Kazi hainishindi. Yananishinda masika. Kila mwaka mvua zikishika wageni wanakatika, hoteli inafungwa kuanzia Aprili mpaka mwanzo wa Juni, na sisi tunarudi majumbani na nusu mshahara. Wenzangu wanaingoja likizo hiyo kwa hamu. Wanalala, wanakwenda shamba, wanasukana. Mimi siku ya pili tu kichwa kinanigonga upande mmoja, tumbo linasokota, usiku nahesabu boriti. Nimekaa kitako nachambua mchele, moyo unanienda mbio na hakuna aliyenifukuza.

Mwaka huu imezidi. Ramadhani ilipita vizuri kwa sababu ilikuwa na shughuli zake: kazi, futari, nguo za watoto, safari ya Pemba kwa mama. Baada ya Idi kimya kikaingia, nami nikaanza kukitafutia dawa. Nimeichukua harusi ya mtoto wa wifi yangu. Hakuna aliyenilazimisha, nimejitia mwenyewe kusimamia jiko, mapambo na michango. Mchezo wa kupeana fedha wa wanawake wa mtaani kwetu kijumbe ni mimi. Nikaanzisha na wa pili, sasa nakimbizana na wasiotoa wa kule na wa huku. Nimegombana na jirani kwa maji ya mfereji wake, mfereji uliokuwapo tangu siku tuliyohamia. Kundi la WhatsApp la kazini halina anayezungumza, lakini ndilo ninalolifungua kabla ya kusali Alfajiri.

Kuna jengine ninaloona haya kulitaja. Usiku mmoja mume wangu amelala, nikachukua simu yake nikaipekua yote. Sikuwa nimemshuku. Nimekuta ndugu zake, walimu wenzake, na picha ya jodari aliyemnunua Darajani. Mwanamke mwengine angeshukuru. Mimi nilihisi nimenyimwa kitu. Nikakaa ukingoni mwa kitanda nina hasira na mtu asiye na kosa.

Yeye ni mwalimu, mpole mno. Paa likivuja husema "inshaallah tutaliangalia", na anayemtafuta fundi ni mimi. Ndugu yake akikwama husema "Mungu atafungua", na anayetafuta mkopo ni mimi. Juzi akaniambia, "Mke wangu, wewe huwezi kukaa bila vita." Amesema kwa upole, lakini yamenichoma.

Siku chache baadaye nikamaliza kupika mapema, nikakaa uwani nimenyamaza, natazama mvua. Nikamsikia binti yangu wa miaka 11 anamwambia mdogo wake: "Usicheze karibu. Mama amenyamaza, atagomba sasa hivi."

Wallahi nilikuwa siwazi kitu.

Sijui kwa nini nakuandikia na hili, lakini baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mtu mkarimu, anapenda watu, ila ana hasira. Akiingia anafoka tangu mlangoni sisi watoto tulikuwa tunashusha pumzi, maana imeshatoka, baada ya muda ataomba chai na atatutania. Akiingia kimya, mama alituashiria tuingie ndani tujifanye tumelala. Hayo yamepita, na sikuwahi kuyahesabu kuwa jambo. Nyumba ngapi zilikuwa hivyo.

Sasa mwenzangu wa mapokezi amenitumia video fupi ya dalili za mtu aliyekuwa mraibu wa msongo wa mawazo. Hawezi kupumzika, anajitwisha mambo ya watu, anachelewesha kila kitu mpaka dakika ya mwisho, anachokoza ugomvi nyumba ikitulia, anaumwa siku za mapumziko, anajiona hana thamani asipokuwa na shughuli. Zote zangu. Nimeitazama tena na tena, na kila nikiitazama naogopa zaidi.

Na nimefikia pa kuchagua. Wenye hoteli wananipa cheo kwenye hoteli yao ya kaskazini, ambayo haifungwi mwaka mzima. Mshahara unapanda karibu mara mbili, lakini nitalala huko siku sita, nirudi nyumbani siku moja. Upande wa pili, skuli moja ya binafsi karibu na kwetu inataka karani wa hesabu. Saa nane mchana nimeshafika nyumbani, lakini mshahara hautimii nusu ya ninaoupata sasa. Mume wangu anataka skuli. Mama ananiambia nifuate riziki. Kote wanataka jibu kabla ya Juni.

Je, kuna mtu anayeweza kuwa mraibu wa shida? Kama ndiye mimi, hoteli ile ya kaskazini si itanimaliza? Na nikenda skuli, kimya kile nitakiweza, au nitaivunja nyumba yangu mwenyewe kwa kutafuta cha kufanya?

Asiyetulia, Fuoni


JIBU

Waalaykumu ssalaam mwanangu, marahaba.

Umeniuliza juu ya kazi mbili, lakini katika barua yako kazi zimekaa mwishoni kabisa. Sehemu kubwa umeniandikia nyumba. Hotelini mambo yakiharibika unajikuta. Nyumbani pakitulia unapotea, mwili unauma na mkono unatafuta cha kuvuruga. Mume amesema neno, mtoto akasema jengine, na katikati ya hayo ikaja video kukupa jina. Kama sikukuelewa hivyo ulivyokusudia, utanisahihisha.

Tuanze na hiyo video. Dalili ulizozitaja, mpishi wa shughuli atazitia alama zote, nahodha wa boti atazitia, mama mwenye watoto watano naye atazitia. Shirika la Afya Duniani lina orodha yake rasmi ya maradhi, toleo la 11, lililoanza kutumika mwaka 2022. Ukiondoa dawa na pombe, uraibu uliotajwa humo ni wa kamari na wa michezo ya video. Msongo wa mawazo haumo. Kuchakazwa na kazi kumetajwa, lakini kama jambo la kazini, hakukuhesabiwa kuwa ugonjwa. Kwa hiyo hakuna daktari atakayekuandikia kuwa wewe ni mraibu wa shida.

Hayo sikuambii ili nikupuuze. Unachokihisi kipo, na kina njia yake mwilini. Juu ya kila figo tuna kitezi kidogo. Ukishtuka kinamwaga adrenalini kwa sekunde tu: moyo unaongeza mwendo, damu inakimbilia kwenye misuli, sukari inapanda kwenye damu. Nyuma yake inakuja homoni nyengine, kotisoli, taratibu zaidi, na hiyo inakawia kuondoka. Mwanasayansi Walter Cannon wa Marekani aliyaeleza haya mwaka 1915, mwili kujiweka tayari kupigana au kukimbia, akiwachunguza paka waliobwekewa na mbwa. Bibi harusi wa Kitaliani hakumjua, lakini mwili ni ule ule. Kwa hiyo unaposema ukiitwa akili inakaa sawa na miguu haichoki, nakuamini. Na usiuonee haya utamu wake. Ni kipawa, na kimekutoa kwenye kufua mashuka kikakufikisha ulipo.

Tabu ni kwamba umeishi humo miezi kumi ya kila mwaka. Wanaoikumbuka miezi mitatu ya giza hapa Unguja, umeme ulipokatika, Disemba 2009 mpaka Machi 2010, wanajua masikio yalivyoyazoea majenereta. Likizima moja usiku wa manane, hapo ndipo mtu anaposhtuka usingizini. Mwili wako umezoea mngurumo. Aprili unazimwa kwa siku moja, bila kushushwa kidogo kidogo, na mwili unauliza kumetokea nini.

Hata hicho kichwa cha upande mmoja cha siku ya pili, madaktari wanaotibu kipandauso wanakijua: wapo watu kinawashika pale msongo unaposhuka. Ila kuna jambo hukuniambia, nalo linaweza kuwa dogo kuliko tunavyodhani. Kazini unakunywa nini? Mtu wa vikombe vingi vya kahawa, au vile vinywaji vya kopo vya kutia nguvu, akiviacha ghafla, kichwa kinamuuma ndani ya siku moja au mbili na anakuwa mkali bila sababu. Kama ukirudi nyumbani unarudia chai yako moja ya asubuhi, hapo pana la kuangalia kabla hatujaenda mbali.

Na kuna tezi ya shingoni. Ikifanya kazi kupita kiasi, moyo unakwenda mbio umekaa, usingizi unakatika, mtu anakuwa na wahaka asiojua umetoka wapi. Upungufu wa damu nao unaweza kuupeleka moyo mbio, na wanawake wengi wanatembea nao bila kujua. Kwa hayo nakuomba uende ukapimwe presha, damu na tezi, likizo hii hii, maana Juni ikifika hutokuwa na nafasi. Itakuwa hasara kukaa tunajadili utoto wako kumbe tatizo linaonekana kwenye kipimo cha damu.

Sasa turudi kwenye simu. Katika yote uliyoniandikia, hapo nimesimama zaidi. Umepekua, hukukuta kitu, ukahisi umenyimwa. Mwaka 2014 jarida la Science lilichapisha majaribio ya Timothy Wilson wa Chuo Kikuu cha Virginia na wenzake. Waliwaweka watu chumbani, mmoja mmoja, dakika 15, hawana simu wala kitabu, wana mawazo yao tu na kitufe ambacho ukikibonyeza kinakupiga umeme. Watu hao walishauonja umeme ule na wakasema wako tayari kulipa wasipigwe tena. Lakini katika wanaume 18, 12 walijibonyezea wenyewe. Katika wanawake 24, ni 6. Hawakuwa wagonjwa. Walikuwa watu wa kawaida walioachwa na kimya. Nakuhadithia hili ili ujue kuwa kuchagua maumivu mbele ya utupu hukukuanzisha wewe.

Ila wewe una zaidi ya utupu, nadhani. Moyo unapokwenda mbio, kichwa kinataka sababu. Kama sababu haipo, ile mbio inatisha zaidi, kwa kuwa haina jina. Ungekuta ujumbe wa mwanamke, ungeumia, lakini angalau moyo wako ungekuwa na haki ya kupiga vile. Ulichonyimwa, huenda, ni sababu.

Na sababu nyengine huenda umeiandika mwenyewe, kisha ukasema hujui kwa nini umeiandika. Soma tena maneno mawili kwenye barua yako. La binti yako: mama amenyamaza, atagomba. La kwenu Wete: baba akiingia kimya, tujifanye tumelala. Mtoto katika nyumba ya namna hiyo anajifunza kusoma hewa, na anajifunza mapema kuwa kelele ni salama kuliko kimya, kwa sababu kelele ni jambo lililokwisha kutoka. Basi nikuulize, na usinijibu haraka. Ukikaa uwani pakatulia, unachokikimbia ni kukosa shughuli, au ni ile saa ya kusubiri kabla mlango haujafunguliwa? Na ule ugomvi wa mfereji, ulikuwa unatafuta shida, au ulikuwa unaitoa mapema ili upate kushusha pumzi?

Kama ni hili la pili, jina la mraibu linakudhulumu. Mtu anayelinda nyumba dhidi ya hasira iliyokwisha zamani anahitaji maneno mengine kabisa. Lakini sijui. Sikumjua baba yako, na wewe umesema alikuwa mkarimu, nami nalipokea hilo pamoja na lile la hasira. Yote mawili yanaweza kuwa kweli kwa mtu mmoja. Inawezekana pia hili halihusiani na Wete hata kidogo, nawe ni mtu mwenye mwendo wa kasi kwa maumbile, na masika yanakubana. Watu hao wapo, na wanaishi salama.

Kwa binti yako huhitaji kungojea tujue. Siku ukitaka kukaa kimya, mwambie kwa mdomo: "Mama anapumzika, hana hasira na mtu." Mara ya kwanza hatokuamini, atakutazama usoni. Endelea kumwambia. Wewe hakuna aliyekuambia maneno hayo, wala mama yako hakuwa na uwezo wa kuyasema.

Mume wako. Nakubali kuwa ni mpole, na mwanamke aliyekulia kwenu anajua thamani ya mume mpole. Hata hivyo nauliza: lile paa, kama nawe ungesema "inshaallah", lingezibwa na nani? Mkopo wa shemeji yako ungekwenda kutafutwa na nani? Anaposema huwezi kukaa bila vita, huenda amesema kweli. Huenda pia baadhi ya vita hivyo ni vyake, umekabidhiwa wewe, na utulivu wake wewe ndiye unayeugharimia. Sikupi maneno haya ukamrushie usoni, maana hayo yatakuwa vita vyengine. Unaweza kuchukua jambo moja, tuseme hilo la fundi wa paa, ukamkabidhi lote, kisha ukatoa mkono. Pengine atachelewa. Pengine mtaweka beseni sebuleni wiki mbili. Hapo utaona mawili: yeye anaweza nini, na wewe unaweza kuvumilia nini bila kukurupuka.

Kumwambia kuwa uliipekua simu? Kuna watakaokwambia ukweli unasafisha, na kuna watakaokwambia usifukue lililolala. Ukimwambia, ana haki ya kuumia, na itabidi umwache aumie bila kumgeuzia. Usipomwambia, jihadhari usije ukaipekua tena. Kama unaona utairudia, basi ni afadhali ajue, ajue pia kuwa huna shaka naye bali una wahaka ambao bado hujaupatia jina. Wewe ndiye unayemjua.

Hizo kazi mbili. Ya kaskazini ina fedha, ina heshima, na sipendi tuiite sumu kabla hatujaijua. Mwanamke aliyeanzia kwenye mashuka akapewa cheo hicho asiambiwe kirahisi akikatae kwa ajili ya afya, hasa kama mama Wete na ada za watoto vinategemea mfuko wake. Khatari yake ni kuwa haifungwi. Masika yanakuumiza, ni kweli, lakini ndiyo miezi pekee mwili wako unapokuambia kitu. Ukiwa siku sita huko na moja hapa, unaweza kukaa miaka usisikie, na binti yako akafika miaka 15 anakujua kwa siku za mapumziko tu. Kabla ya kujibu waulize: siku za kulala huko zinaweza kuwa nne? Kuna likizo ya mwaka ya kweli, au ya kwenye karatasi? Simu yako ukiwa Fuoni itazimwa? Wakikuhitaji kama wanavyodai watakaa wazungumze.

Ya skuli ina saa nane mchana, na watoto wako watakuona. Lakini mshahara ukikatika zaidi ya nusu, shida za kweli zitakuja mlangoni, hutohitaji kuzitafuta. Halafu mtu akiiacha kazi anayoiweza kwa sababu mumewe anataka, huwa anaanza kuweka hesabu moyoni, na hesabu hiyo analetewa mume baadaye. Ama hicho kimya unachokiogopa, anayedhani kipo hajawahi kukaa ofisi ya ada wiki ya kufungua skuli. Labda utapata ghasia zako huko pia, kwa bei ndogo.

Na hakuna aliyesema ni mbili tu. Hoteli yako ya sasa hujaniambia kama inakufukuza. Kubaki ulipo mwaka mmoja zaidi, ukajitazama masika yajayo ukiwa umeshapimwa na umeshazungumza na mtu, nako ni kuchagua, ijapokuwa utawaudhi wote: mume, mama na wenye hoteli.

Kwa sasa, usiache kila kitu kwa mkupuo. Mwili uliozimwa ghafla Aprili hautaki kuzimwa tena Mei. Mchezo wa pili, kama hakuna aliyekwisha kupokea, rudisha fedha za watu uufunge. Kama kuna aliyepokea, umalize hadi zamu ya mwisho, hiyo ni amana. Harusi baki na jiko, michango mpe mwengine, tena mpe mbele ya watu ili usiirudie kisirisiri. Mikono yako ipe kazi yenye mwendo wa polepole na yenye mwisho: kushona kofia, kusuka ukili, chochote ulichokifahamu tangu kwenu. Kimya kianze kidogo, dakika chache baada ya Alasiri, na pumzi uitoe kwa muda mrefu kuliko unavyoivuta, kwani kutoa pumzi taratibu kunapunguza mwendo wa moyo. Hasira ikipanda kwa jirani au kwa mtoto, tunafundishwa katika hadithi: aliyesimama akae, isipoondoka alale. Jaribu uone mwili ulio chini unavyoshindwa kugomba.

Utaambiwa pia nyoyo hutulia kwa kumkumbuka Mwenyezi Mungu. Ni aya, iko kwenye Surat Ar-Ra'd, na hakuna wa kuipinga. Lakini akikuambia mtu kwa namna ya kukusuta, kwamba wahaka wako ni upungufu wa imani, mwache apite. Anayesali na kutetemeka bado anasali.

Ukiona umeinua mkono kwa watoto, au kifua kinabana, au yanakujia mawazo ya kutotaka kuendelea kuishi, usingoje barua nyengine, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Hata kama hayo hayapo, kukaa na mtaalamu wa afya ya akili mara kadhaa kutakusaidia kwenye lile la Wete kuliko mimi na karatasi yangu. Watu wetu wakisikia Kidongo Chekundu, hospitali yetu ya maradhi ya akili, hunong'ona, nami najua. Lakini huhitaji kuwa umeshaanza kuokota makopo ndipo ukazungumze na mtu aliyesomea kusikiliza. Unaweza kuanza kwa kumuuliza daktari atakayekupima tezi akuelekeze.

Nenda kwenye vipimo kabla ya kutoa jibu lolote kwa hoteli au skuli, na omba wiki mbili zaidi kama Juni inakukaba. Mara nyingi hutolewa kwa anayeziomba. Majibu yakitoka niandikie, na unitajie hiyo kahawa.